Nimefunga Bila Kutia Nia

Mimi ni Mlutheri, na kanisani kwetu hakuna anayenilazimisha kufunga. Wanaonilazimisha ni majirani zangu wa Temeke. Ramadhani ikiingia tu, mama ntilie anafunika masufuria, wa chapati anahamia jioni, na mimi saa saba mchana nazunguka na hela yangu mfukoni, njaa inauma.

Zamani nilikuwa na pa kukimbilia: Mkatoliki mmoja wa kitimoto. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu ikaangukia Februari 18, Ramadhani nayo ikaingia wiki hiyo hiyo. Nikakuta banda limefungwa. "Kwaresma, bwana. Wateja wamefunga, mimi nimefunga, mkaa nimchomee nani?"

Nikaenda gengeni. Magimbi yaliyokuwa yakiota ndevu Januari bila wa kuyatazama, sasa yamepangwa matatu matatu, na bei haigusiki. Nikamuuliza mwenye genge, "Mama, mbona hivi?" Akajibu huku tasbihi ikipita vidoleni: "Mwezi mtukufu, baba." Nikamwambia mimi sifungi. "Hata asiyefunga anafuturu."

Na kweli nafuturu. Kila magharibi mtoto wa jirani analeta sahani iliyofunikwa kawa: tambi, magimbi ya nazi, na kikombe cha uji wa pilipili manga. Siku moja nikaifunua pale pale mlangoni, nikatia tambi mdomoni. Mtoto akanikazia macho. "Anko, hawajaadhini." Mtu mzima na ndevu zangu, nikasimama naye kizingitini, shavu limejaa tambi, tunangojea adhana.

Usiku ndiyo balaa. Saa tisa vijana wanapita na madebe: daku, daku, amkeni! Mimi daku nile ya nini? Dirishani kwangu wanapiga kwa nguvu zaidi, nadhani wanaona nachelewa kuamka. Sikukuu ilipofika wakabisha hodi wakitaka chao. "Baba, tumekuamsha mwezi mzima." Hilo sikuweza kulikana. Nikatoa.

Sikukuu yenyewe huwezi kuipangia safari, maana kalenda inakwambia itategemea mwandamo wa mwezi. Wapo wanaofuata mwezi wa Saudia, wapo wanaongoja tangazo la BAKWATA. Bosi wangu anataka tarehe ya likizo, mimi namwonyesha mawingu. Ila nyumba ya kushoto ikila Idi leo na ya kulia kesho, pilau linakuja siku mbili mfululizo, na hapo sijawahi kumlaumu mtu.

Kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11, Ramadhani inarudi nyuma kila mwaka. Nikapiga hesabu: mwaka 2030 itaingia Januari, halafu itaingia tena mwishoni mwa Desemba. Nikampelekea mama wa genge habari hiyo nikitaka kumwonyesha mateso yanayonisubiri.

"Mara mbili?" Akaacha kupanga magimbi. "Alhamdulillahi. Basi mwaka huo napaua nyumba."