Simu Imelala, Mpagazi Je?

Kambini Barafu, kabla ya safari ya usiku wa manane kuelekea kilele cha Uhuru mlimani Kilimanjaro, mgeni huivalisha simu yake soksi ya sufu, akaingia nayo kwenye mfuko wa kulalia na kuikumbatia kama bibi harusi. Ana haki. Betri ya lithiamu na baridi haviivi chungu kimoja: kimiminika cha ndani huzubaa, ayoni hujikokota, volti huporomoka, na simu iliyokuwa ikionyesha asilimia 40 huzima pale mita 5,895, meno yote yakiwa nje kwa ajili ya picha. Chaji haijaisha, imegoma tu. Ipashe joto kwapani, itarudi. Ila usiichaji ikiwa chini ya nyuzi 0, maana lithiamu itageuka metali na kutanda juu ya elektrodi, na hapo umeshaiharibu.

Haya yote mgeni kayasoma, na anayafuata bila kukosea. Mpagazi aliyembebea hema, meza ya kulia na hata choo cha kukunja, amejikunyata hema la pili na koti la mtumba. Huyo hakuna aliyemuuliza amebakiza asilimia ngapi.