Simu Iliyonitangaza Mwizi

Bado masikio yananiwaka. Jana asubuhi, ndani ya daladala ya Gongo la Mboto iliyojaa hadi mlangoni, simu ya ofisi ilianza kulia mkononi mwangu kwa mlio ambao sijawahi kuuweka. Nikaibonyeza huku na huku, haikunyamaza. Kwenye kioo yakatokea maandishi makubwa: SIMU HII IMEPOTEA. ALIYEIOKOTA APIGE NAMBA HII. Mama aliyekaa dirishani, kapu mapajani, akayasoma kwa sauti, neno kwa neno, gari zima likasikia.

"Mwanangu," akaniuliza kwa upole uliouma kuliko tusi, "hiyo simu umeitoa wapi?"

"Ni yangu, mama. Ya kazini."

"Mbona yenyewe inakukana?"

Konda akageuka. "Braza, na ile nauli ulinipa hela yako kweli?"

Watu wakaangua kicheko, huku kila mmoja akipapasa mfuko wake.

Simu ilikuwa imejifunga, imebakiza kitufe kimoja tu cha kupiga ile namba. Nikapiga, tena nikaweka spika, nisafishike hadharani. Akapokea kijana wa TEHAMA.

"Ahsante sana ndugu kwa uaminifu wako. Uko wapi tuifuate?"

"Ni mimi, bwana! Wa mauzo."

"Wa mauzo yupi? Hii simu ni ya dada wa uhasibu, karipoti juzi kuibiwa."

Kicheko kikakatika. Nikashuka Tazara, kabla ya kituo changu, na hakuna aliyenisihi nibaki.

Kiini cha yote ni namna ofisi ilivyochagua kusajili simu kwenye mfumo wake wa usimamizi, na namna zenyewe ukizichimba zina utamu. Kwa simu za Android, ya kwanza ni wasifu wa kazi, uliokuja na Android 5.0 mwaka 2014. Simu inabaki yako. Programu za ofisi zinakaa upande wao, kila moja na kialama cha mkoba. Mwajiri hapo ni mpangaji wa chumba kimoja cha uani: akihama anabeba vyake, na sebuleni kwako hachungulii.

Ya pili, simu nzima inakuwa chini ya ofisi. Hii lazima ianze ikiwa mpya, au ifutwe irudi ilivyotoka kiwandani. Kwenye ukurasa wa kukukaribisha unagonga pale pale mara sita, kamera inafunguka, unaionyesha msimbo wa QR, na simu inajipakulia programu ya usimamizi pamoja na masharti yake yote.

Ya tatu ndiyo iliyonifanya nisahau hasira kwa muda: usajili usiohitaji mkono wa mtu, ulioanza na Android 8.0. Muuzaji aliyeidhinishwa anaingiza IMEI za simu kwenye tovuti maalumu, boksi hata halijafunguliwa. Simu ikiwashwa mara ya kwanza na kupata intaneti, inaiuliza Google kama ina mwenyewe, nayo inajibiwa. Mwizi aifute, aiwashe upya: itauliza tena, na jibu litakuwa lile lile.

Zetu zilinunuliwa Kariakoo kwa mafungu, kwa hiyo ya tatu ikafa kabla haijazaliwa. Ikachukuliwa ya pili. Msimbo mmoja wa QR ukabandikwa ukutani, simu zote zikapita hapo bila jina la mtu, majina yakajazwa baadaye kwenye Excel mbele ya kila IMEI. Sasa IMEI ina tarakimu 15, na ile ya mwisho hukokotolewa kutokana na 14 zilizotangulia, ili mtu akikosea kuandika ajulikane. Ufundi wa ajabu! Na kweli, yangu haikukosewa hata tarakimu moja. Ilikaa tu mbele ya jina la dada wa uhasibu.

Mikasa mingine ni ya kawaida. Kamera zilifungwa kwa ajili ya usalama, na sisi wa mauzo tunadaiwa picha za rafu za madukani kila jioni.

Ila uko mmoja siucheki. Simu hazikutosha, dereva wetu akaambiwa alete ya kwake. Kwa njia waliyochagua, ilibidi ifutwe kwanza. Humo zilikuwamo picha za marehemu mama yake, na nakala hakuwa nazo popote. Wasifu wa kazi ungemtosha kabisa, maana anachohitaji ni ramani na orodha ya mizigo. Lakini hapo TEHAMA wangelazimika kuendesha njia mbili badala ya moja, wakaona ni usumbufu.

Leo tumegawiwa fomu ya kuthibitisha kwamba kila mfanyakazi amechagua njia ya usajili kwa hiari yake. Pa kuchagulia pana kisanduku kimoja, na tiki imeshachapwa. Dereva amesaini. Mkataba wake unaisha mwezi ujao.