Barua ya Wazi kwa Meya wa London: Tuletee Mjumbe wa Nyumba Kumi

Kwa Mheshimiwa Sir Sadiq Khan,
Meya wa London.

YAH: OMBI LA KUANZISHIWA MJUMBE WA NYUMBA KUMI

Shikamoo, Mheshimiwa. Kama hujui la kujibu, sema marahaba, tuendelee.

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Kwanza nieleze kwa nini nimekuandikia wewe, maana jiji lako halina meya mmoja tu. Yupo yule wa City of London, mwenye gari la dhahabu la kukokotwa na farasi na eneo ambalo kwetu lingekuwa kata moja ndogo. Halafu upo wewe, mwenye mabasi. (Manispaa ya Mpanda ina meya mmoja tu, tena hana farasi.) Nimekuchagua wewe kwa ajili ya hayo mabasi. Marehemu mzee wako alitoka Pakistani akaja kuendesha basi la London, kwa hiyo nyumbani kwenu habari za ugeni hazihitaji maelezo marefu.

Mimi ni mzaliwa wa Katumba, Halmashauri ya Nsimbo, Mkoa wa Katavi. Ukitutafuta kwenye ramani, shika reli ya kati kutoka Dar es Salaam, pita Tabora, fika Kaliua, kisha fuata tawi linaloshuka kusini mpaka reli iishe. Hapo ni Mpanda, na Katumba ni jirani. Tawi hilo walilijenga Waingereza, likafika Mpanda karibu na mwaka 1950, wakiwa wanafuata madini ya risasi. Walishuka, wakachimba, wakaondoka. Sijasikia kwa mzee yeyote kwamba kuna Mwingereza hata mmoja aliyeulizwa bili ya umeme.

Mimi naulizwa kila ninapogusa mlango. Benki moja inataka uthibitisho wa makazi: bili ya umeme, ya maji, au ya ile kodi ya halmashauri, yenye jina langu na isiyozidi miezi mitatu. Bili haimfuati mtu asiye na nyumba. Nyumba ina dalali, ambaye huku anavaa tai, naye anataka taarifa za benki. Taarifa za benki anazo nani? Mwenye akaunti. Akaunti anafunguliwa nani? Mwenye bili. Nikamwambia dalali nitalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, maana hiyo ndiyo lugha wanayoielewa wenye nyumba wa kwetu. Akafurahi sana, akaniomba nilipe kutoka akaunti ya Uingereza.

Dalali simlaumu moja kwa moja. Tangu 2016 sheria imemgeuza mwenye nyumba wa England kuwa afisa uhamiaji asiye na mshahara: asipokagua kama mpangaji ana haki ya kupanga, faini inaweza kufika pauni 10,000 kwa kosa la kwanza na 20,000 akirudia. Kwa faini hiyo hata mimi ningemwogopa mtu mwenye jina kama langu.

Nilikuwa na silaha moja. Kabla ya kuondoka nilichukua barua ya utambulisho kwa mtendaji, yenye picha yangu na muhuri uliokaa nusu kwenye paji la uso wangu na nusu kwenye karatasi, kama inavyotakiwa. Barua ya namna hiyo Tanzania inakusaidia kufungua akaunti na kumdhamini ndugu yako polisi. Niliiweka mezani pale benki kwa kujiamini. Binti wa kaunta akaisoma kwa heshima zote, akaugusa muhuri kwa ncha ya kidole kuona kama wino umekauka, kisha akaigeuza nyuma kutazama kama kuna bili.

Ndipo likanijia wazo la kukuandikia.

Mheshimiwa, jiji lako halina mjumbe. Utaratibu wa nyumba kumi tuliuanza miaka ya 1960, enzi za TANU: nyumba kumi, mjumbe mmoja. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, shughuli nyingi zikahamia kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji, lakini watu hawakuacha kumtafuta mjumbe. Yeye haulizi bili. Anajua ulihamia lini kwa sababu aliliona godoro likishushwa. Anajua unarudi saa ngapi, na kwamba mgeni wako wa Jumamosi siye yule wa Jumamosi iliyopita. Ukitaka barua unamkuta barazani, mnasalimiana, mnaizungumza mvua, halafu anaandika kwamba mtajwa hapo juu ni mkazi wake na anamfahamu. Unatoa hela ya karatasi, ambayo kwa kiwango chake ungeweza kununua bunda zima, unaondoka ukiwa mtu.

Hapa nimejibanza kwa binamu yangu, kwenye jengo lenye milango ya kutosha wajumbe watatu. Jirani wa kushoto namfahamu kwa kikohozi. Wa kulia namfahamu kwa vifurushi anavyoachiwa mlangoni. Nilipomuuliza binamu jina la huyo wa kulia, akafikiri kidogo, akasema, "Kumi na nne."

Halafu kuna suala la madeni. Dalali alinieleza, kwa huruma kabisa, kwamba sina historia ya mikopo. Nikamjibu ni kweli, sidaiwi na mtu, nikitegemea pongezi. Kumbe huku asiyedaiwa ndiye wa kutiliwa shaka. Sasa hilo tungelimaliza kwa simu moja. Kuna mangi mmoja pale Kashaulili, Mpanda mjini, ana daftari lenye jina langu: sukari, sabuni, vocha, mafuta ya taa enzi zile, kila mstari umekatwa kwa kalamu nyekundu siku nilipolipa. Mmoja haujakatwa, ni wa mkate, na tunabishana. Historia gani nyingine mnataka?

Hospitali nayo. Mfanyakazi mgeni hulipa ada ya afya pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza, tena anailipa kabla hajapanda ndege. Nililipa. Kituo kimoja cha afya kikanidai bili ili kiniandikishe, ingawa mwongozo wa NHS wenyewe unasema mtu asikataliwe kwa daktari eti kwa kukosa uthibitisho wa makazi. Nilimsomea dada wa mapokezi mwongozo huo kwenye simu, taratibu, mpaka mwisho. Akanisikiliza vizuri. Akaniuliza kama ninayo bili.

Lakini sasa nikupe habari njema, Mheshimiwa, ambayo huenda unaijua vizuri kuliko mimi. Kwa sheria zenu, raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola mwenye kibali cha kukaa Uingereza anaweza kujiandikisha kupiga kura, ya wabunge na ya meya. Tanzania ni mwanachama. Fomu iliniuliza naishi wapi, nikaandika, ikaniamini. Na siku ya kura, pasipoti ya nchi ya Madola inakubalika kituoni kama kitambulisho. Yaani pasipoti ya Tanzania inatosha kukuweka wewe madarakani, ila haitoshi kuweka pauni hamsini benki.

Nilicheka peke yangu nilipoligundua hilo, kisha nikamkumbuka mzee wangu.

Mzee alivuka kutoka Burundi mwaka 1972, kijana, akikimbia mauaji. Makazi ya Katumba yalifunguliwa mwaka uliofuata, na Mishamo ikafuata mwaka 1978. Serikali ya Mwalimu Nyerere haikumuuliza alikotoka ana bili gani. Kila familia ilipewa ardhi, hekta tano, msitu wa miombo mtupu, wakafyeka. Baada ya miaka michache wakimbizi wale walikuwa wanajilisha wenyewe na kuuza ziada. Mwaka 1983 Mwalimu akatunukiwa Tuzo ya Nansen kwa namna alivyowapokea wakimbizi. Hapa ndipo ningesimama nikusute kwa sauti kubwa, lakini wazee wa Katumba wangenicheka.

Ardhi walipewa, karatasi wakasubiri. Mkimbizi aliyetaka kutoka nje ya makazi alihitaji kibali. Mwaka 2010 ikatangazwa kwamba watu zaidi ya 162,000 wamekubaliwa uraia wa Tanzania. Uraia wa Burundi walishatakiwa kuukana, na vyeti vikaanza kutolewa Oktoba 2014. Mzee akapiga kura ya rais kwa mara ya kwanza mwaka 2015, akiwa ameilima nchi hiyo miaka zaidi ya arobaini. Na mpaka leo wapo wanaotuita raia wapya. Upya wetu hauchakai.

Kwa hiyo mjumbe ninayekuomba simsifii bila macho. Anayejua godoro lako liliingia lini ndiye huyohuyo anayejua nani kalala nje ya makazi bila kibali. Ukimleta London, mlete nusu, ile nusu inayosema "namfahamu". Ile nyingine, ya kuchungulia, mnayo tayari kwenye kila nguzo, na haijawahi kuniandikia barua.

Juzi mzee alinipigia. Cheti chake cha uraia kakitia kwenye nailoni, nailoni kwenye bahasha, bahasha kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, na ufunguo anao mama. Akataka kujua changu nakihifadhi vipi. Nikamweleza kwamba kadi za ukazi zilifikia kikomo mwishoni mwa 2024, sasa kibali kiko mtandaoni, na anayetaka kukikagua nampa msimbo wa herufi na tarakimu tisa, nao unakufa baada ya siku 90.

Akakaa kimya mpaka nikadhani salio limekwisha.

"Kwa hiyo huna karatasi."

Nikamwambia baba, haki ninayo, ila haishikiki mkononi.

"Na sisi tuliambiwa hivyo," akasema. "Tangu elfu mbili na kumi."

Mheshimiwa, utekelezaji hauna gharama. Anza na jengo moja la majaribio. Mjumbe hahitaji ofisi wala mshahara. Anahitaji muhuri, benchi, na watu wa kumwamkia. Kama hapatikani mwenyeji anayewajua majirani zake, wapo akina mama wa Kikongo na wa Kisomali wanaojua kila mtoto wa jengo ni wa mlango upi, na kazi hii wanaifanya siku zote bila muhuri.

Sikuharakishi. Uchaguzi wa umeya ni Mei 2028, na mimi nimeshajiandikisha.

Naomba kuwasilisha.

Wako,
Mkazi ambaye bado hajathibitishwa