Mbalizi hadi Uhindini kwa Baiskeli ya Injini: Mwongozo kwa Anayeanza

Mwongozo huu ni wa mtu anayelala Mbalizi na kufanya kazi Uhindini, mjini Mbeya, aliyechoka kusafiri kwenye daladala shingo ikiwa imepinda, na ambaye mfuko wake haujafikia pikipiki. Siku moja alikuwa amesimama Mwanjelwa, akaona baiskeli inapita inanguruma, mwenyewe kakaa kitako, miguu imetulia, tai inapepea. Tangu siku hiyo usingizi umemruka. Basi ajue kwamba pale Mwanjelwa ni tambarare. Mengine yote hapa chini ni ufafanuzi wa sentensi hiyo.

Kwa wasioijua Mbeya: mji uko kwenye mita kama 1,700 kutoka usawa wa bahari, chini ya mlima Loleza, na Mbalizi iko chini zaidi, upande wa kwendea Tunduma. Katikati kuna Iwambi, kisha Iyunga. Asubuhi unapanda, jioni unashuka, na njia ni hiyohiyo ya Zambia inayotumiwa na malori. Mpangaji wa ratiba angeona raha: mtu anapanda akiwa hajachoka, anashuka akiwa amechoka. Huyo mpangaji hajawahi kushuka Iwambi kwa breki za raba.

Kununua ni rahisi. Injini inakuja kwenye boksi, na juu ya boksi wameandika 80 kwa tarakimu nene, yaani sentimita 80 za ujazo. Hapo chukua kalamu. Upana wa silinda za aina hii kwa kawaida ni milimita 47, na pistoni husafiri milimita 38. Piga hesabu uliyofundishwa shuleni ya ujazo wa mcheduara, utapata 66. Mpelekee fundi karatasi yako.

"Fundi, mbona mimi napata sitini na sita?"

"Themanini ni jina tu, kaka. Kama mtu anavyoitwa Tajiri."

Usibishane, maana hesabu haijaisha. Injini hula hewa, na hewa ya Mbeya ni haba kuliko ya Dar es Salaam. Kwenye mita 1,700 injini isiyo na kisukuma hewa hupoteza karibu sehemu moja kati ya sita ya nguvu zake. Kwa hiyo ulilipia 80, ukapewa 66, na mkoa umekukata hadi kama 55. Fundi anayejua kazi atafungua kabureta na kuhamisha klipu ya sindano tundu moja juu, ili petroli ipungue ilingane na hewa iliyopo. Fundi asiyejua atakwambia injini bado mpya, itazoea.

Kufunga sasa. Hapa simama mwenyewe uangalie, chai utakunywa baadaye. Sproketi ya injini haikai kwenye habu kama za pikipiki. Inabanwa kwenye spoki za gurudumu la nyuma kwa vipande vya raba na bolti 9. Spoki hizo zilitengenezwa kubeba mtu na gunia la mkaa, na kwa kazi hiyo hazina mpinzani. Kuvutwa na mnyororo wa injini hazikuwahi kuambiwa. Bolti moja ikilegea, sproketi inaanza kuyumba, mnyororo unaanza kuruka, na wewe unaanza kusikia sauti ambayo kila mpita njia ataitafsiri kwa namna yake. Kaza bolti zote kwa zamu, moja huku na inayoielekea kule, na zikague kila Jumapili.

Mnyororo wenyewe uko kushoto. Ule wa pedali uko kulia palepale. Waendesha baiskeli wa kawaida hukunja suruali mguu mmoja. Wewe kunja yote miwili, na ukubali kuitwa mvuvi kwenye mji ambao ziwa liko mbali.

Petroli inachanganywa na oili, kwa sababu injini hii ni ya mipigo miwili na haina mahali pengine pa kupatia oili. Kipimo cha kawaida ni 1 kwa 20, yaani mililita 50 za oili kwa lita 1. Wauzaji wa petroli ya chupa hupima kwa jicho, na jicho lao lina huruma na oili yao. Nunua bomba la sindano la mililita 10 duka la dawa, vuta mara tano. Muuza dawa akikuuliza mgonjwa ni nani, usimfiche.

Kuwasha asubuhi ya Juni ni ibada. Funga choki, bana klachi, kanyaga pedali hatua kumi hivi, achia klachi ghafla. Injini itakohoa. Rudia. Mtaa mzima utaamka, na kuna mzee atakayefungua dirisha kukuuliza kama umeshamaliza. Mpe shikamoo. Hakuna jibu lingine linalofaa saa kumi na moja na nusu alfajiri.

Sasa mlima, ambao ndio uliokuleta hapa.

Haki lazima itendeke: injini hii inaweza kupanda. Shida yake ni kwamba ina gia moja, na inapanda vizuri ikiwa tu umeukuta mlima ukiwa tayari na mwendo. Mwendo ukishuka, mzunguko unashuka, na nguvu inaondoka kabla hujaiaga. Sproketi ya kawaida ya nyuma ina meno 44. Wapo wanaofunga ya meno 50, na mlimani utaona tofauti. Kwenye tambarare utaona tofauti pia, bajaji zitakapokupita.

Kwa hiyo unatoka Mbalizi kwa kasi nzuri, umejiinamia kwenye hendo, unaikaribia Iwambi kwa heshima zote. Mbele yako kuna lori. Lina mzigo, liko gia ya chini kabisa, linapanda kwa mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni. Huwezi kulipita, kwa sababu upande wa pili wenzake wanashuka. Mwendo uliouleta wote unauacha kwenye bampa lake.

Hapo wanaoanza hubana klachi nusu ili injini izunguke. Inazunguka kweli, na muda si mrefu unasikia harufu ya pesa yako inaungua. Achana na klachi. Kanyaga pedali.

Lakini kanyaga kwa adabu. Daladala zimejaa watu wanaokujua. Mabega yasicheze, mdomo ufungwe, uso uwe wa mtu anayewaza jambo la ofisini. Kazi yote ifanyike kuanzia kiunoni kushuka chini. Ukifanya vizuri, abiria wa dirishani ataamini injini ndiyo inayokupandisha. Nimeona watu wazima wakifika Iyunga kwa njia hii bila kupoteza hadhi, ingawa hawakuweza kujibu salamu.

Asiyedanganyika ni utingo wa lori, maana yeye anatembea kwa miguu pembeni ya tairi, gogo mkononi, tayari kuliweka lori likirudi nyuma. Mnakwenda mwendo mmoja, kwa hiyo mazungumzo hayaepukiki.

"Kaka, hiyo injini ni ya nini?"

"Ya kusaidia."

"Inamsaidia nani?"

Jibu linahitaji pumzi, na pumzi huna. Jifanye hujasikia kwa sababu ya mngurumo.

Ukishindwa kabisa, shuka usukume, lakini usizime injini. Kwenye mkono wa klachi kuna kitufe cha kuifunga ikiwa imebanwa. Kibonyeze, acha injini ingurume, tembea kando yake ukitazama chini mara kwa mara kama fundi anayesikiliza hitilafu. Mtu anayesukuma chombo kinachowaka anafanya uchunguzi. Mtu anayesukuma kilichozimika ameharibikiwa.

Kuhusu trafiki sina mengi. Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, na askari atakayekusimamisha atakuzunguka mara mbili akitafuta pa kuanzia. Vaa kofia ngumu, uwe mpole, usiwe wa kwanza kutamka neno "pikipiki."

Kazini ingia kwa mlango wa nyuma. Unanuka petroli, wewe tu ndiye hujui.

Watu hudhani ukishafika juu shida imekwisha. Jioni ndiyo yenye mtihani halisi, na hautokani na uvivu wa injini. Kumbuka kwamba oili inaingia pamoja na petroli. Unaposhuka Iwambi umefunga mafuta, gurudumu linaizungusha injini kwa nguvu huku petroli haiingii. Na petroli isipoingia, oili nayo haiingii. Pistoni inasugua silinda kavu kavu, na mteremko ukiwa mrefu injini inanoki. Ikinoki ikiwa kwenye mwendo, gurudumu la nyuma linakwama nalo, na wewe unaendelea na safari peke yako.

Dawa yake ni kubana klachi ili injini ijizungukie taratibu bila kulazimishwa. Vizuri. Sasa injini imepona, lakini haikusaidii tena kupunguza mwendo, na umebaki na breki za baiskeli: vipande vya raba vinavyobana rimu ya chuma. Mvua za Mbeya zikianza, rimu inalowa, raba zinateleza, na nyuma yako kuna lori ambalo breki zake nazo unazisikia zikinuka. Unatakiwa kuchagua kati ya kuiokoa pistoni na kujiokoa mwenyewe. Baada ya kulipia ringi mpya, kuna watu huchelewa kujibu.

Ushauri wangu, na hapa sitanii: anza mteremko polepole kuanzia juu, achia klachi uguse mafuta kidogo kila baada ya muda ili oili ipite, kisha bana tena. Mvua ikinyesha, paki Iyunga upande daladala. Hakuna atakayekucheka, watakuwa wamelala.

Mwisho kuna kuuza, ambako wengi hufikia kabla ya mwaka kuisha. Usimtafute mnunuzi mjini. Mtafute Usangu, kwenye mashamba ya mpunga ya Mbarali, ambako ardhi imelala na baiskeli hii ni mali kweli. Atakubeba moyoni miaka mingi. Akija kuijaribu, mpeleke Mwanjelwa, mchana, bila mzigo kwenye keria. Akiuliza kama inapanda milima, mjibu inapanda. Asipouliza ni kwa nguvu za nani, usimwanzishie mada.