Figili Zangu na Wataalamu wa Uthiru

Miongoni mwa mboga zenye haraka zaidi ni figili, ile ndogo nyekundu ya mviringo. Kabichi itakuweka miezi mitatu ukiibembeleza. Figili huwa tayari kwa siku 25 hadi 30. Ukipanda siku ya mshahara, mshahara ujao unakukuta ukivuna. Kwa hiyo mvua za vuli zilipoanza, nilinunua pakiti ya mbegu kwenye agroveti moja mjini, nikapanda matatu ya Waiyaki Way hadi kwangu Uthiru, ambako nina kauwanja nyuma ya nyumba.

Kuotesha figili ni kazi rahisi. Kazi ni majirani. Sukuma wiki ikiota, hakuna anayegeuza shingo. Figili ikiota, mtaa mzima unapata shahada ya kilimo.

Wa kwanza kuhitimu alikuwa Mama Brayo. Alichungulia juu ya ua, akauliza, "Baba Njeri, hii sukuma yako mbona ina vinyweleo?"

Nikamweleza kuwa ni ukoo mmoja na sukuma, ila hii huliwa mzizi. Alinitazama kwa huruma. Siku iliyofuata nilirudi kutoka kazini nikakuta ameshamwaga karai zima la mbolea ya kuku kwenye matuta, "zipate nguvu." Sasa, mbolea ya kuku imejaa naitrojeni, na naitrojeni hunenepesha majani. Nguvu zilipatikana. Majani yalipanda hadi magotini, na huko chini mizizi ikabaki ya kutungia sindano. Mama Brayo aliyachuma, akayakaanga kwa nyanya na vitunguu, kisha akaja na taarifa rasmi: "Tamu sana. Si nilikuambia ni sukuma?"

Tuta la kando, ambalo karai halikufika, lilizaa figili za kweli. Nilizikatakata, nikatia chumvi na ndimu, nikaziweka mezani kando ya ugali. Njeri alitafuna kipande kimoja, macho yakamtoka. Nikaona ni wakati mzuri wa somo: figili haina ukali mpaka utafune, meno yakiuvunja mzizi, vitu viwili vilivyokuwa vimetenganishwa ndani yake hukutana, na ule mwasho wa haradali huzaliwa papo hapo mdomoni. Njeri hakusikia. Alikuwa amekimbilia maji.

"Baba Njeri, hiki chakula kinapigana," mke wangu alisema.

Nikamleta Herodotus. Mgiriki huyo aliandika kuwa alionyeshwa maandishi kwenye piramidi ya Misri, akaambiwa yanataja fedha zilizotumika kuwanunulia wajenzi figili, vitunguu na vitunguu saumu.

"Na hao wajenzi," mke wangu akauliza, "waliruhusiwa kukataa?"

Zilizobaki nilizipeleka soko la City Park, kule Parklands. Mama wa kibandani alizigeuzageuza kiganjani. Wateja wake Wahindi hutaka figili nyeupe, ndefu, za kukwaruza na kutia ndani ya paratha. "Hizi bado ni watoto," akanirudishia. "Wapeleke nyumbani wakue."

Nyumbani, fuko alikuwa amefika. Nilimshuhudia akifanya kazi: shina limesimama wima, likatikisika kidogo, kisha majani yote yakazama ardhini kana kwamba kuna mtu chini anayevuta kamba. Nikamwita mtegaji kutoka Kinoo, mzee wa fimbo na waya, anayelipwa kwa kila fuko. Alifukua njia, akapinda fimbo, akafunga kitanzi, akaenda zake. Asubuhi aliporudi, fuko alikuwa ndani.

Nilimtumia mzee hela zake kwa M-Pesa, na kwa shukrani nikamwongezea fungu la figili. Akaifuta moja kwenye koti, akaiuma. Akatafuna mara mbili, akatema nyuma ya ua, kisha akamwinua fuko na kumtazama kwa muda.

"Huyu sikumtega," akasema. "Huyu alijisalimisha."