Kikofia Kisicho na Nati

Karibu kila kitu kwenye gari kina namna yake ya kufunguliwa. Nati ina spana yake, skrubu ina bisibisi yake, na hata taa ya nyuma iliyoshikiliwa kwa selotepu unajua uanzie wapi kubandua. Kikofia cha beringi ya tairi ndicho kilichokuja duniani bila maelekezo. Hakina uzi, hakina bolti, hakina hata sikio la kukishika. Ni kibati chembamba cha duara, kimegongwa kwenye mdomo wa habu kikabanwa kwa ukubwa wake mwenyewe, kazi yake kuzuia grisi isitoke na vumbi lisiingie. Kwetu Tanga, kwa upepo wa chumvi wa baharini, miaka michache inatosha kutu kukiunga na habu hadi kikajiona ndiye mwenye nyumba.

Mjomba wangu ana Hilux ya zamani, ile inayosukumwa na tairi za nyuma tu, anayobebea nazi kutoka Pangani. Njia ni kilomita 50 hivi. Tairi la mbele la kushoto lilianza kuvuma kwa mbali, mjomba akasema ni kashata zimelika vibaya. Likazidi kuvuma kila alipoongeza mwendo, akasema ni upepo. Mambo yalipofika abiria kulazimika kupaza sauti ndipo asikike, mjomba akaongeza redio.

Siku aliyokubali kwamba ni beringi ilikuwa Idd Pili. Gereji zimefungwa, maduka ya spea yamefungwa, na fundi wake yuko kwetu kibarazani, amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi ikanyooka, anakula halua. Tukaweka mawe kwenye tairi za nyuma, tukapiga jeki, tukaegemeza chesisi juu ya gogo la mnazi kwa sababu jeki ya mjomba ina tabia ya kushuka yenyewe. Nikalishika tairi juu kwa mkono mmoja na chini kwa mwingine, nikalitikisa, likacheza waziwazi. Tukalivua, na hapo tukakutana na kikofia ana kwa ana.

Ubaya wa kutengeneza gari siku ya sikukuu ni kwamba watu wote wako nyumbani, wamependeza, na hawana kazi. Mikono hawataki kuichafua, lakini mdomo hauvai kanzu.

"Mwanangu, hicho kina uzi," akasema mzee wa nyumba ya pili. "Kizungushe kushoto."

Nikakibana kwa koleo, nikazungusha kushoto. Kikazunguka. Mzee akatabasamu. Kikazidi kuzunguka, maana habu nzima ilikuwa inazunguka nacho, na kwa mtindo ule tungeweza kuendelea hadi Idd ya kuchinja. Mzee akashauri tujaribu kulia.

Kijana wa bodaboda akataka kipigwe nyundo katikati, "kistuke". Nikakataa. Kikofia huzunguka pamoja na habu, lakini shafti iliyo ndani haizunguki; kikibonyea, kitakuwa kinakwaruza ncha ya shafti kutoka hapa hadi Pangani. Mwingine akasema kipashwe moto. Moto kwenye habu iliyojaa grisi, yenye sili ya mpira kwa nyuma, chini ya kamba ya nguo za shangazi! Shangazi alimjibu kutoka dirishani kabla sisi hatujafungua mdomo, na majibu yake hayaandikiki.

Mjomba mwenyewe ni mtu wa bisibisi. Akaichomeka upande wa juu, akaikandamiza kwa uzito wake wote. Upande wa juu ukanyanyuka kidogo, wa chini ukazidi kujikaza, ukingo wa bati ukakunjamana, na bisibisi ikapinda.

Hapo ndipo fundi alipomaliza halua. Akafuta vidole, akachukua bakora yake, akaja kusimama mbali kidogo, mahali ambapo grisi haiwezi kufika hata ikiruka.

"Mnakivuta," akasema. "Hakivutwi. Kinazungukwa. Leteni kisu cha kupaia samaki."

Kisu hicho cha shangazi kina mgongo mnene na ncha yake ilikatika zamani.

"Kisu changu hakitengenezi magari," akasema shangazi.

"Nitakununulia kipya," mjomba akasema.

"Lini?"

"Keshokutwa."

Akakitoa, huku akimtaja Mungu kuwa shahidi.

Nikaingiza makali kwenye kijistari kilichopo kati ya ukingo wa kikofia na habu, nikagonga mgongo wa kisu kwa nyundo ndogo, pole pole, nikazungusha habu upana wa vidole viwili, nikagonga tena. Fundi alinielekeza kwa ncha ya bakora bila kuinama. Mwanzoni hakikuonekana kitu. Halafu, kuzunguka ukingo wote, ukatokeza mstari mwembamba wa bati safi, linalong'aa, ambalo halijaona jua tangu lilipogongwa mle. Kuanzia hapo kazi ilikuwa rahisi: koleo kubwa la fundi bomba, kitambaa ili bati lisichubuke, kulitingisha kulia na kushoto. Kikachomoka.

Nikafuta grisi, nyeusi na yenye mchanga, ili nione nati. Mle kwenye tundu la spilipini, ile pini inayozuia nati isijifungue tairi likaaga safari, palikuwa na msumari umekunjwa.

Tukageuka wote kumtazama fundi, kwa kuwa yeye ndiye aliyeifungua habu ile mara ya mwisho. Akautazama msumari, akautazama sana, akarudi kibarazani.

"Siku ile," akasema, "spilipini zilikuwa hazipatikani."

Akaomba kahawa.

Sikukuu ilipokwisha tukafunga beringi mpya, ya ndani na ya nje. Kikofia tukakinyoosha ukingo juu ya jiwe, tukakirudisha kwa kugonga kipande cha ubao pembezoni, kwa kuzunguka vilevile. Kimekaa upande kidogo lakini kimekaa.

Nawe mwenye gari la aina hiyo, kila habu ikifunguliwa dai spilipini mpya, ya zamani isirudishwe, na usiondoke gereji kabla hujaiona kwa macho yako. Bei yake haifiki ya nazi moja.