Pembea Isiyompa Mtu Nafasi ya Kutubu

Mimi ni mgonjwa wa rola kosta. Ugonjwa ulinianzia Unguja, kwenye pembea za sikukuu pale Kariakoo, na nilipohamia Dubai ndipo ukakomaa. Nakubali ni ugonjwa wa aibu. Hata wenye mchezo wanaukana: Wafaransa huuita milima ya Kirusi, Warusi nao huuita milima ya Kimarekani. Kila mmoja anamsukumia mwenzake, kama watoto penye sahani iliyovunjika. Shangazi yangu wa Mwembeladu yeye huita yote pembea, na aipandaye akiwa na ndevu humwita mtu aliyekosa kazi.

Kipenzi changu ni pembea moja kuukuu ya mnyororo. Unakaa, kijana anakushushia chuma mapajani, anakisukuma mara mbili, behewa linanasa mnyororo, mnaanza kupanda: kata-kata-kata. Mlio ule ni wa meno ya chuma yanayozuia behewa lisirudi nyuma mnyororo ukikatika. Nilipoelezwa hivyo nilitulia. Kisha nikajiuliza, kumbe walishafikiria kwamba utakatika?

Kupanda huchukua kama nusu dakika, na katika nusu dakika hiyo mimi huwa mtu mwema kupita kiasi. Robo ya mlima nawasamehe wote wanaonidai. Katikati naapa kuacha kulala alfajiri. Karibu na kilele, maduka yakishakuwa kama viberiti, naahidi kumtumia shangazi fedha za bati, maana paa lake linavuja tangu masika ya mwaka juzi. Halafu tunaporomoka, roho inapanda kooni, inarudi, nami nashuka nikitafuta sambusa. Ahadi hubaki kule kule juu zikipigwa upepo. Bati za shangazi nimeziahidi mara nne.

Mwezi uliopita mpwa wangu akaja mbio: kuna mpya, tena ndani ya jengo la maduka! Nikaenda nikiwa na kifua mbele, mzoefu anayekwenda kumkagua mwanafunzi. Nje joto la kuchemsha yai, ndani kiyoyozi. Kushoto manukato, kulia viatu, katikati watu wazima wanasubiri kutupwa juu. Foleni isiyo na jasho! Hapo moyo ukaanza kuingia shaka. Nilizoea woga wa kuutolea jasho kwanza.

Tukafungwa. Nikasikiliza kata-kata, kimya. Pembea hii haina mnyororo, husukumwa na sumaku za umeme. Nikasema nianze mapema: nikaianza Bismillahi tumesimama, nikaimalizia kichwa chini miguu juu. Madeni sikuyafikia. Alfajiri sikuigusa. Bati ndiyo kabisa! Nilipokumbuka kwamba natakiwa kutubu, kijana alikuwa ananifungulia chuma akisema karibu tena.

Haki lazima isemwe: ilikuwa tamu. Ile ya zamani hunirudisha nyumbani nikigeuza mwili mzima kama jokofu ili nimtazame mtu. Safari hii shingo iligeuka pande zote mbili. Na dunia yenyewe imeshakwenda huko kwenye kasi. Mwaka 1884, LaMarcus Thompson alipofungua reli yake Coney Island, New York, watu walilipa senti tano kwa mwendo wa kama kilomita 10 kwa saa. Punda asiye na mzigo angewapita. Leo pembea iitwayo Formula Rossa ya Abu Dhabi, iliyofunguliwa 2010, hufika kilomita 240 kwa saa ndani ya sekunde tano hivi, na abiria huvaa miwani ya kukinga macho. Kwa mwendo huo nani atakumbuka shangazi?

Basi nikatoka nusu nacheka, nusu nimenuna, kama aliyealikwa pilau akakuta imeshapakuliwa na kufunikwa: chakula kipo, lakini harufu ya kukisubiri imepotea.

Kumbe mpwa ameshanunua picha ya kamera ya njiani na kuirusha kwenye kundi la familia. Macho yamenitoka, mdomo wazi hadi kilimi kinahesabika. Haukupita muda, ujumbe wa sauti ukaingia kutoka Mwembeladu, taratibu, bila hasira, jambo ambalo ni baya zaidi: “Mwanangu, nimekuona umeachama. Nikadhani unaniitia fundi wa bati.”

Nilituma fedha usiku ule ule.

Jumamosi nikarudi kwa mpenzi wangu wa zamani. Chuma mapajani, mnyororo ukanasa, kata-kata-kata. Robo ya mlima nikasamehe, katikati nikaapa. Nilipokaribia kilele nikafungua mdomo niahidi bati, nikakumbuka fundi ameshamaliza paa. Sikuwa na kitu mkononi cha kuombea roho. Nakuapia, sijawahi kuogopa vile.